Bastola ya Beretta 92FS au Taurus PT92: ukiwa Tanga na chumvi hii hewani, uchukue ipi?

Mtoto wa mjomba wangu yuko Muheza, biashara yake machungwa, msimu ukichanganya anashika hela za wakulima na madereva wa fuso siku mbili tatu kabla hajafika benki. Mtaani ameshapita, kata ameshapita, faili lake la leseni ya bastola liko juu huko linatembea, sasa juzi usiku kanipigia ananiambia kaka, nimeoneshwa mbili, zinafanana kama mapacha, moja ya Mtaliano (Beretta) moja ya Mbrazili (Taurus), ya Mbrazili ndo rahisi, sasa nifanyeje? Nikamwambia hebu lala, nitakuandikia, maana hili sio la kujibu kwa simu. Ndo hii hapa, na wengine mliokwama palepale mtaokota chenu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja kinachochanganya watu wengi. Hiyo Taurus watu wanaiita kopi ya Beretta, na kopi na feki sio kitu kimoja. Feki ni ile imegongwa jina la watu ubavuni, namba yake imekwaruzwa au haipo kabisa, muuzaji hataki kutoa karatasi na anakutaka mkutane magharibi, hiyo wala sijadili hapa, hiyo na gobole ni njia moja ya kwenda mahabusu tena bila hata kusumbuka kuuliza njia. Kopi ninayoisema mimi ina kiwanda chake, jina lake halali, namba yake imesimama vizuri, na kwenye leseni inaandikwa kwa jina hilohilo. Tofauti yake na orijino ni kwamba umbo na ufundi aliubuni mwingine.

Na hapa ndo panapendeza, maana hata hilo neno kopi kwa hizi mbili linataka ngazi kidogo kulifikia. Beretta ni kampuni ya zamani mno, wana hati ya mwaka 1526 ya kuwauzia Venisi mitutu 185, fikiria Mreno alikuwa bado anahangaika na mwambao wetu huu. Hii modeli ya 92 ikaja miaka ya 1970. Jeshi la Brazili likawapa Waitaliano kazi, wakajenga kiwanda São Paulo, na mkataba ulipoisha, mwaka 1980, Taurus wakakinunua kile kiwanda, mashine, michoro na wafanyakazi waliokuwa wanajua kazi. Kesho yake, kwa lugha ya utani, mashine zilezile na mikono ileile ikaendelea kuchonga bastola ileile, jina tu ndo limebadilika. PT92 hiyo. Kwahiyo mtu akikwambia hii ni ya kuiga, mwambie ndio, lakini imeigwa ndani ya nyumba ya mwenyewe kwa sufuria la mwenyewe.

Baada ya hapo kila mmoja kaenda na njia yake na miaka imepita mingi, ndo maana leo tunalinganisha.

Vigezo vyangu ni hivi, na nimevichagua kwa mtu wa huku pwani sio kwa Mmarekani mwenye uwanja wa shabaha nyuma ya nyumba: bei, kutu, sefti (kidude cha kufunga isifyatuke), inavyokaa mkononi, magazini (kasha la risasi) na spea, na kudumu. Shabaha nimeiacha makusudi. Zote mbili ni 9mm, mtutu wa kama milimita 125, na ukiwa hatua kumi kutoka kwenye karatasi, bastola yoyote kati ya hizi inapiga vizuri kuliko wewe. Kuliko na mimi.

Bei

Taurus rahisi, basi. Hata huko Marekani ambako bei ziko wazi, PT92 imezoeleka kukaa chini ya Beretta 92FS. Kwetu ukiongeza usafiri, kodi na faida ya mwenye duka namba zinapanda zote ila ile tofauti haifutiki. Mi nasema usiitazame hiyo tofauti kama punguzo, itazame kama hela ya vitu vingine: kasiki dogo la chuma la kufungia (hili sio hiari, kama una watoto nyumbani ni la kwanza kabla hata ya bastola), holista (mfuko wa kubebea) ya maana, magazini ya pili, na risasi za kufanyia mazoezi. Mtu kanunua Beretta kamaliza hela yote halafu anaificha chini ya godoro na hajawahi kufyatua zaidi ya risasi kumi, huyo hana orijino, ana balaa la orijino.

Kutu

Watu wa Dodoma hii sehemu wairuke. Sisi tunaokaa Raskazone, Chumbageni, Pangani, Mkinga kule kwenye mashamba ya chumvi, hii ndo sehemu yenyewe, maana hapa bati la miaka mitatu linatoboka na baiskeli Ngamiani nzima zinalia mnyororo.

Beretta 92FS ya kawaida, ile nyeusi, slaidi yake (kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) imepakwa rangi ngumu wanayoiita Bruniton, na ndani ya mtutu kuna kromiamu. Kromiamu hiyo ni rafiki wa pwani, unyevu haupati pa kuuma haraka, hata usafishaji wake ni mwepesi. Body ya chini ni aloi ya aluminiamu kwahiyo haioti ile kutu nyekundu. Sehemu zinazoumia ni pini ndogondogo, skrubu za mpini, na pale rangi inapokwanguka kwenye ncha za slaidi kwa kuingia na kutoka kwenye holista.

Taurus ya bei ya chini mara nyingi ni ile ya bluu, slaidi ya chuma iliyopigwa bluu (dawa ya kuipa chuma rangi ya buluu nyeusi), inang'aa vizuri dukani kuliko hata Beretta kiukweli, lakini bluu ni nguo nyepesi, jasho la kiuno na upepo wa kusi miezi miwili bila kufutwa unaanza kuona vidoa vya rangi ya chai. Chini nayo ni aloi, hapo wako sawa. Ila Taurus wanayo pia ya chuma kisichoshika kutu, ile ya rangi ya fedha, na hiyo ikikutana na mtu wa pwani imekutana na mwenyewe. Beretta nao wana ya kwao ya namna hiyo, wanaiita Inox, bei yake ndo hivyo tena. Kwahiyo kigezo hiki hakijibiwi na jina la kampuni, kinajibiwa na rangi: Taurus ya fedha inaizidi Beretta nyeusi kwa nje, Beretta nyeusi inaizidi Taurus ya bluu, na zote zitakufa mapema ukiilaza bastola ndani ya holista ya ngozi. Ngozi inakunywa unyevu na kuushikilia. Holista ni ya kubebea, ukifika nyumbani itoe, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, weka kwenye kasiki pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu, usivitupe vile. Mafuta yawe ya silaha, la sivyo ya cherehani kwa muda tu maana yanakauka haraka. Mafuta ya nazi hapana jamani, najua Tanga nazi ni dawa ya kila kitu lakini ndani ya bastola yanaganda yanakuwa gundi.

Sefti

Hapa nisomeni taratibu. Ukiacha mengine yote niliyoandika, chukua hili.

Hizi mapacha zina sefti za kinyume. Beretta 92FS sefti iko juu kwenye slaidi, ukiishusha chini umefunga, na hapohapo nyundo (kile kidude cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke) inadondoka kwa usalama bila kupiga risasi, ukitaka kufyatua unaipandisha juu. Taurus sefti iko chini kwenye body, ukiipandisha juu umefunga, ukiishusha unafyatua, na ukiikandamiza chini zaidi nyundo inashuka kwa usalama halafu kidude kinarudi katikati chenyewe. Yani chini kwa huyu ni kufunga, chini kwa yule ni kufungua.

Siku moja kwenye mafunzo ya shabaha, nilikuwa nimezoea ya aina ya Taurus, nikapewa Beretta nijaribu, mwalimu akasema tayari, nikanyanyua, kidole gumba kikashuka chenyewe kama kilivyofundishwa, nikavuta triga, kimya. Nikavuta tena, kimya. Nyuma yangu watu wanacheka. Mwalimu hakucheka, akaniambia mzee hapa umeaibika tu, njiani ungekuwa umezikwa. Na kinyume chake ndo kibaya zaidi, mtu wa Beretta akishika Taurus akashusha kidude akiamini kafunga, kumbe ndo kaiacha wazi, au hajaikandamiza mpaka mwisho na nyundo bado imekaa nyuma, anaiweka kiunoni.

Na cha kuchekesha ni kwamba Beretta 92 ya kwanzakwanza nayo ilikuwa na sefti chini kwenye body, Waitaliano waliihamishia juu baadae kwenye 92S kwa matakwa ya polisi. Taurus wao hawakuihamisha. Kwahiyo kwenye hili kopi ndo imebaki na desturi ya babu, orijino imehama mji.

Ipi nzuri? Inategemea kichwa chako. Taurus inakuruhusu kubeba nyundo ikiwa nyuma na sefti imefungwa, au nyundo chini triga ya kwanza ikiwa nzito, unachagua, lakini kuchagua kunataka mtu aliyefanya mazoezi mpaka mkono unajua wenyewe. Beretta haikupi hiyo nafasi, ukifunga nyundo lazima ishuke, kwa mtu mpya hilo ni kama break ya ziada. Ubaya wa Beretta ni kwamba ile sefti iko palepale unaposhika slaidi kuikoki (kuivuta nyuma risasi iingie), kwahiyo ukikoki kwa haraka unaweza kuishusha bila kujua. Watu wamelalamikia hilo miaka.

Ukiangukia Taurus ya mkononi ya zamani, angalia kama ina ile hatua ya kukandamiza chini kushusha nyundo. Za zamani kabisa hazina, unashusha nyundo kwa kidole gumba huku umevuta triga na risasi iko chemba (pale inapokaa tayari kupigwa), na mimi kwa mtu mpya hiyo siipendekezi hata bure.

Mkononi

Zote kubwa. Karibu kilo moja kabla hujaweka risasi, urefu kama sentimita 22, mpini mnene maana umebeba risasi 15, kwa Taurus za karibuni 17, zimepangwa mistari miwili. Mwenye vidole vifupi triga ya kwanza ataifikia kwa ncha ya kidole, na ni nzito kwa zote mbili. Shati la kuchomekea halifichi kitu hiki, na kwa joto letu la Februari koti nani avae? Kanzu inaficha lakini uitoe saa ngapi. Kama ulitaka kitu cha kubeba kila siku kiunoni bila mtu kujua, funga huu mjadala, hujakwama kati ya hizi mbili, umekosea rafu.

Magazini na spea

Mapacha lakini hawavaliani viatu. Magazini za Beretta na za Taurus ukiziweka mezani utaapa ni moja, ila ule mkato unaoshikwa na kile kitufe cha kuachia magazini hauko sehemu moja. Mimi niliuziwa magazini ya ziada na muuzaji mmoja, sitamtaja, akaniapia kabisa hii inaingia zote bosi, nikafika nyumbani ikaingia kweli, tena vizuri, nikaigeuza ikadondoka miguuni. Haijashika. Hela haijarudi mpaka leo. Kwahiyo nunua magazini yenye jina la bastola yako na ijaribu dukani palepale ikiwa tupu, ivute kwa nguvu.

Kwa upatikanaji Beretta inaongoza duniani, jeshi la Marekani waliichukua mwaka 1985 wakaipa jina M9 wakakaa nayo zaidi ya miaka thelathini, Wafaransa nao walitengeneza ya kwao kwa leseni, kwahiyo springi, pini, magazini, kila kitu kipo kwa wingi. Kwa Taurus vipo ila mlango mmoja, unategemea zaidi kiwanda chenyewe. Ukiwa Tanga lakini, tuseme ukweli, vyote viwili ni vya kuagiza kupitia duka lenye kibali na kusubiri, kwahiyo uliza kabla hujalipa: springi ya slaidi ikichoka mnaleta? Muuzaji akianza kuangalia dari umeshapata jibu.

Kudumu

Mtutu wa hizi unafungwa na kipande cha chuma kinachopanda na kushuka chini yake, ufundi uliotoka kwenye Walther P38 ya Mjerumani. Kipande hicho ndo kinachochoka, kwa Beretta na kwa Taurus. Beretta nao walipata msukosuko mkubwa, mwaka 1987 na 1988 huko Marekani slaidi zilipasuka zikarudi nyuma kwa wapigaji, ndo wakaongeza ile pini ya nyundo yenye kichwa kikubwa ya kuizuia slaidi, na hiyo S ya mwisho kwenye 92FS ndo habari hiyo. Taurus kama kampuni nayo ina doa lake, mwaka 2015 walimaliza kesi Marekani juu ya bastola zao zinazoweza kufyatuka zikianguka, lakini modeli zilizotajwa ni nyingine, kina PT-111 na 24/7, PT92 haikuwemo. Sio haki kumbebesha mtoto mmoja kesi ya ndugu zake, ila pia sio haki kusema familia haina historia.

Wanachosifia Beretta hapa ni usawa, ukichukua kumi zote zinafanana. Kwa Taurus unaweza kupata moja safi kabisa na nyingine triga inakwaruza kama ina mchanga, kwahiyo Taurus inunuliwe kwa kuishika, sio kwa picha ya WhatsApp. Wanaopenda chuma nao wanailaumu Beretta kwa kile kijiti cha springi kilichofanywa cha plastiki kwenye za miaka ya karibuni, wakati Taurus wamebaki na chuma. Mi kwa risasi hamsini za mazoezi kwa mwaka, kiasi ambacho wengi wetu hatufiki, kudumu siliweki mbele. Utaitupa kwa kutu kabla hujaichosha kwa moto.

Sasa nani achukue ipi

Ukiwa mgeni kabisa wa silaha, hujawahi kukoki kitu, na hela ipo: 92FS. Hasa kwa ajili ya ile nyundo kushuka yenyewe ukifunga, na kwa kuwa wakufunzi wengi wameishika. Ila hakikisha unafundishwa kuipandisha sefti mpaka iwe kama kuvua viatu mlangoni.

Ukiwa unajua unachofanya, labda umepita JKT au kazi ya ulinzi, na kidole chako kimezoea kushusha ili kufyatua, chukua Taurus bila kuona haya, na ukipata ile ya rangi ya fedha ongeza hela kidogo uichukue.

Ukikaa karibu na maji kabisa, Pangani, Mkwaja, Moa, na unajijua ni mvivu wa kufuta, usichukue ya bluu. Sijali ya nani.

Ukinunua ya mkononi kutoka kwa mtu anayehama au warithi, utaratibu wote upite polisi kama mpya, na hapo naegemea Beretta kwa sababu spea yake hata ya miaka ya 1990 bado inapatikana, Taurus ya umri huo unaweza kukosa kitu kidogo ukabaki na pambo.

Kama nyumbani tayari kuna moja ya hizi, tuseme baba ana Taurus yake na leseni yake, na wewe unaomba ya kwako, chukua jamii ileile. Kila mtu na leseni yake na silaha yake, hakuna kuazimana, lakini mkifanya mazoezi pamoja mikono isifundishwe vitu viwili vya kinyume.

Na kama shida yako ni nguruwe wanaokula mihogo huko Maramba, hizi zote hapana, hiyo kazi ya bunduki na kibali chake na watu wa wanyamapori.

Mtoto wa mjomba, wewe unaingia wapi? Hela unayo ya moja na nusu, mazoezi hujafanya, unakaa Muheza mbali na chumvi kidogo lakini masika yenu hayana huruma. Kabla ya yote jiulize tena kama machungwa hayawezi kulipwa kwa simu, maana hela isiyokuwepo mfukoni haina haja ya mlinzi. Ukiona lazima, rudi dukani mchana kweupe, mwambie afande wa duka akuhakikishie zote mbili ziko tupu, magazini nje, chemba imeangaliwa, mdomo wa mtutu chini sakafuni, kisha ishike moja moja, fumba macho, na jiambie funga. Halafu nipigie unambie kidole gumba kimeenda juu au kimeenda chini.